Tazama ncha ya kidole: kuzitenga Dactyloctenium na Eleusine

Masika yakishanyesha hapa Mombasa, nyasi mbili za msimu mmoja huota kando ya kila njia: Dactyloctenium aegyptium na Eleusine indica. Zote hubeba masuke yaliyotanda kama vidole, ndiyo maana watu huzichanganya. Huniuma kuona sampuli nzuri imepewa jina lisilo lake.

Hatua ya 1. Ng'oa mche mzima. Eleusine ina shina bapa, jeupejeupe chini, na hung'ang'ania udongo. Dactyloctenium mara nyingi hutambaa, na vifundo vyake vikigusa mchanga hutoa mizizi.

Hatua ya 2. Tazama vidole vinapoanzia. Eleusine mara nyingi huwa na kimoja kilichobaki chini ya wenzake. Idadi isikuhangaishe.

Hatua ya 3, na hapa usiharakishe. Jana niliokota suke eneo la Mama Ngina, kando ya bahari, nikalilaza kiganjani. Vijisuke, yaani vishada vidogo vya maua, vilikuwa upande mmoja tu, vimebanana kama meno ya chanuo. Jina Dactyloctenium limetoka kwenye maneno ya Kigiriki ya kidole na chanuo kidogo. Kisha nikatazama mwisho wa kidole: mhimili, yaani kijiti kinachobeba vijisuke, umevipita vyote, ukachomoza mtupu kama ncha ya sindano. Hiyo ni Dactyloctenium. Kwa Eleusine, kijisuke hufika mpaka mwisho.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, yangu ina vidole viwili na imetambaa mbali ufuoni. Ndiyo hiyo?*
Huenda ni ndugu yake wa pwani, Dactyloctenium geminatum, ambayo ni ya kudumu na kwa kawaida ina vidole viwili. Ncha yake nayo ni tupu, kwa hiyo fuata shina litambaalo uone lilivyo refu na gumu.

*Eleusine si ndiyo wimbi?*
Wimbi ni Eleusine coracana, jamaa yake wa karibu. Punje za wimbi hubaki sukeni zikikomaa. Za indica hupukutika.

*Kaka yangu yuko Florida, amenitumia picha yenye ncha hiyohiyo. Yawezekana?*
Yawezekana sana. Sisi ndio kwao Dactyloctenium aegyptium. Huko Marekani ni mgeni aliyelowea. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliiita Cynosurus aegyptius mwaka 1753, na Mjerumani Willdenow akaihamishia jenasi (kundi la spishi) ya sasa, Dactyloctenium, mwaka 1809. Mwambie kaka apige picha ya vifundo pia, kwa karibu.