Kumtambua Papilio dardanus: hesabu miguu kwanza

Dume wa kipepeo huyu hampi mtu taabu. Ni mkubwa, mabawa yakikunjuliwa hufika takribani sentimita 9, rangi ya malai yenye pindo jeusi, na kila bawa la nyuma lina mkia. Katika misitu kama Arabuko-Sokoke au Usambara, mtafute kuanzia saa tatu asubuhi, jua likishapata nguvu, akipitapita kandokando ya njia. Papilio demodocus, yule wa kwenye michungwa, ni mweusi mwenye mabaka ya njano, hana mkia, na bawa lake la nyuma lina doa jekundu mfano wa jicho.

Kazi iko kwa jike. Huku kwetu Afrika Mashariki kwa kawaida hana mkia, na huiga vipepeo wenye sumu ambao ndege wameshajifunza kuwaepuka. Kuna majike weusi wenye mabaka makubwa meupe, sawa na Amauris niavius. Kuna wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, sawa na Danaus chrysippus. Sura hiyo huamuliwa na sehemu moja ya vinasaba, hivyo mabinti wa mama mmoja wanaweza wasifanane kabisa. Ukimtambua kwa rangi tu, utakosea.

Subiri atue kwenye maua. Sogea hadi kama mita mbili, kivuli chako kisimfikie, kisha mtazame kwa ubavu. Akisimama kwa miguu sita, yaelekea ni dardanus. Amauris na Danaus husimama kwa minne, kwani jozi ya mbele imedumaa. (Minne peke yake haithibitishi kuwa ndio hao; Hypolimnas naye ni mwigaji na ana minne vilevile.) Picha nyingi hazifai kwa sababu zimepigwa kutoka juu, miguu haionekani. Kama hukuiona, angalia anavyofyonza: dardanus huendelea kupepesa mabawa, Amauris hutulia.

Mayai hutagwa mojamoja kwenye mimea ya Clausena anisata, Teclea na jamii ya midimu. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Pembe hizo anazo demodocus pia, na kiwavi wa kwenye mdimu wa nyumbani mara nyingi ni huyo. Ukitaka uhakika, mfuge hadi atoke kwenye bundo (ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo): mpe kila siku majani mabichi ya mmea uleule uliomkuta nao, usiopuliziwa dawa.