Kukagua saa ya sanamu ya Kifaransa kabla ya kuinunua

Saa za mezani zenye sanamu zilizotengenezwa Ufaransa katika karne ya 19 hupanda au kushuka bei kwa mambo mawili: madini ya sanamu, na kama mashine iliyomo ni yake tangu mwanzo. Nenda na tochi, kioo cha kukuzia na rula.

Anza na madini, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Geuza sanamu, utazame upande wa ndani mahali palipokwaruzika. Kama hapapo, omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa ncha ya kisu pasipoonekana. Ukiona rangi ya njano, ni shaba nyeusi au shaba ya njano. Ukiona kijivu cheupe, ni zinki iliyopakwa rangi. Gonga kwa ukucha pia: shaba huvuma kwa muda, zinki hutoa mlio mfupi uliofifia. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, maana haishiki yoyote kati ya hizo. Saa ya zinki si saa bandia, na nyingine zimechongwa vizuri sana. Kosa ni kuilipia bei ya shaba. Kagua vifundo vya mikono, vidole, panga na mabawa, kwa kuwa zinki huvunjika hapo. Kuichomelea ni kazi ngumu kwani huyeyuka kwenye nyuzi 419 tu, kwa hiyo wengi huziba kwa gundi na kupaka rangi juu. Rangi mpya sehemu moja tu ya mkono ni dalili tosha.

Kama sanamu imepakwa dhahabu, tazama sehemu zilizoinuka: pua, magoti, kingo za mavazi. Pakiwa na mng'ao mkali wa shaba tupu, mtu ameisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba. Dhahabu iliyokwisha kusuguliwa hairudi ila kwa kupakwa upya, na gharama yake ni kubwa.

Sasa fungua mlango wa nyuma. Mashine ya Kifaransa huwa na bamba la shaba la mviringo lenye mhuri wa mtengenezaji, kwa mfano Japy Frères au Samuel Marti. Mwaka ulioandikwa kwenye mhuri wa medali, kama 1855 wa Japy, ni mwaka wa maonyesho ambako medali ilipatikana. Saa yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo usikubali muuzaji autumie kukutajia umri.

Karibu na mhuri kuna nambari. Ile ndefu ni ya mashine, na mara nyingi pendulo, yaani kile kizito kinachoning'inia na kuyumba, hupigwa nambari hiyohiyo. Zisipolingana, pendulo imetoka kwingine, na huenda saa isiende sawasawa. Nambari mbili fupi, tuseme 4 na 6, ni urefu wa pendulo kwa inchi za kale za Ufaransa: inchi 4 na sehemu 6 za kumi na mbili, yaani kama sentimita 12.2. Pendulo ikining'inia kwa uzi wa hariri, mashine kwa kawaida ni ya nusu ya kwanza ya karne. Ikining'inia kwa vibamba vya chuma, na kukiwa na tundu dogo juu ya XII la kurekebishia mwendo, ni ya baadaye.

Tafuta pia matundu ya ziada yasiyo na skrubu kwenye kasha, au mashine inayochezacheza mahali pake. Hizo ni dalili za mashine iliyobadilishwa.

Uso wa enameli ukague kwa mwanga wa pembeni. Ufa mwembamba kama unywele unavumilika. Kilichomeguka kuzunguka matundu ya ufunguo hupunguza bei, na kwa kawaida ni ufunguo ulioupiga uso hapo.

Mwisho, tia ufunguo katika matundu yote mawili. Ukihisi kamani, yaani springi inayoendesha saa, inateleza au inaruka, acha. Weka saa mahali palipo sawa usikilize: tiki na taki ziwe na nafasi sawa. Peleka akrabu ndefu mbele, usiirudishe nyuma, na ungoje ilie kila nusu saa na kila saa. Idadi ya mlio ikipishana na akrabu, kwenye mashine za zamani ni jambo dogo ambalo fundi hulirekebisha upesi. Ikisimama baada ya dakika chache hata ukiwa umeisawazisha, hesabu gharama ya kusafishwa na kuzibwa matundu yaliyolika ambamo ekseli za magurudumu ya mashine huzunguka, uipunguze kwenye bei.

Kabla ya kuibeba, ondoa pendulo uifunge kando. Ikiachwa ndani, vile vibamba vyembamba vya chuma hukunjika au kukatika njiani.