Hatua ninazofuata kabla sijamkabidhi mtu kitoto cha Chihuahua au Yorkie

Rafiki yangu wa Tabata, Chihuahua wake (aina ya mbwa wadogo sana, kama Yorkie) amezaa kwa mara ya kwanza na simu yake haipumziki, watu wanataka kutuma hela vitoto hata macho havijafungua. Juzi tumekaa kwake jioni nzima akaniuliza, sasa kama mtu hela anayo na anapenda mbwa, mimi namkatalia nini? Nikamweleza ninavyochuja nyumba, na kwa kuwa wafugaji wapya hapa Dar wananiuliza swali hilo hilo kila mara, nimeona niandike lote.

Ila kwanza elewa unachokikabidhi. Kitoto cha Chihuahua cha wiki kumi mara nyingi hakifiki hata kilo moja. Ini lake ni dogo, halitunzi sukari ya kutosha, mwilini hakina mafuta wala misuli ya akiba, kwa hiyo kikipitisha masaa mengi bila kula, au kikapigwa na baridi, au kikashtushwa tu na nyumba ngeni, sukari inashuka na kinaweza kufa siku hiyo hiyo. Mifupa ya miguu ya mbele ni myembamba sana, kikiruka kutoka kwenye kochi inavunjika, na pale chini karibu na kiganja damu inafika kidogo ndiyo maana mfupa unachelewa kuunga na wengine hauungi kabisa. Chihuahua wengi utosi wao uko wazi kama wa mtoto mchanga. Bomba la hewa nalo ni dhaifu. Na hivi vinavyotangazwa eti vinaingia kwenye kikombe cha chai sio aina ya peke yake, ni wale wale waliozaliwa wadogo kupita kiasi, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo hatari inavyozidi.

Hatua ya kwanza: usipokee hela. Hata advansi, hata ya kushikia nafasi. Ukishakula hela ya mtu kumwambia hapana inakuwa ugomvi, basi bei iwe ya mwisho kuzungumzwa.

Hatua ya pili: mpigie simu, msiongee kwa meseji. Kuna wenzangu wanatuma fomu ya kujaza mtandaoni na wanaisifia sana, mimi siitaki, kwenye fomu mtu anaandika kile anachojua unataka kusoma. Kwenye simu unasikia nyumba. Unasikia watoto wanavyopiga kelele, unasikia mbwa mkubwa anabweka uani ambaye hajatajwa, unasikia mume anauliza kwa nyuma "mbwa gani tena?" Muulize alishafuga nini na waliishia wapi. Na hapa usisahau swali la parvo, kirusi kinachoua vitoto vya mbwa: kuna kitoto chochote kimewahi kufa hapo kwa kuhara damu na kutapika? Hicho kirusi kinakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, sakafu ya vigae unaweza kuiosha na jiki lakini uwanja wa mchanga huwezi kuuosha na jiki. Kama jibu ni ndiyo na ni mwaka huu, kitoto ambacho chanjo hazijakamilika hakiendi hapo.

Hatua ya tatu: mwenye nyumba na majirani. Huku kwetu wengi tumepanga, na nyumba nyingi za Sinza, Kinondoni, Temeke mnashea uwanja na choo cha nje na wapangaji wengine. Omba kuongea na baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba mwenyewe, sio "nimeshamwambia". Na kama kuna majirani Waislamu mnaotumia nao uwanja mmoja, mate ya mbwa kwao ni najisi, mtu ana udhu wake anakwenda kuswali halafu mbwa anamlamba mguu, hiyo ni haki yake kukataa na wala sio roho mbaya. Waulizwe kabla. Mbwa mdogo asiyetakiwa uwanjani anaishia kupigwa teke, na teke moja kwa mbwa wa kilo moja na nusu ndiyo basi.

Hatua ya nne: saa nne asubuhi siku ya Jumanne nani yuko na mbwa? Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko hatua zote, na ndipo nyumba nyingi nzuri zinapokwama, kwa hiyo nivumilie.

Fikiria mtu wa Kimara au Mbagala au Chanika anayefanya kazi Posta, katikati ya mji. Anatoka alfajiri kukwepa foleni, anarudi saa mbili usiku. Kitoto cha namna hii kinatakiwa kula mara nne mpaka tano kwa siku, kidogo kidogo, mpaka kifike miezi minne hivi. Sasa ukimuuliza nani atakilisha, jibu ni lile lile: "dada yupo". Watu wanalitoa haraka kama vile maongezi yameisha, wakati hapo ndiyo yanaanza, kwa sababu maana yake mbwa ni wa dada, wewe unampiga picha tu jioni.

Basi naomba kuongea na dada. Na sio kupewa simu bosi akiwa amesimama pembeni, hapo atajibu "ndiyo dada, sawa dada" kwa kila kitu. Nikienda nyumbani naomba tukae naye jikoni au uani peke yetu. Namuuliza aliulizwa? Mara nyingi ndiyo kwanza anasikia kwangu kwamba kuna mbwa anakuja. Namuuliza kama anaogopa mbwa, maana wengi wamekulia sehemu ambayo mbwa ni wa kulinda na analala nje, hajawahi kumbeba mbwa mkononi na hilo sio kosa lake. Namuuliza kama dini yake inamruhusu kumshika au itakuwa kila saa anaosha najisi. Namuuliza ratiba yake, na hapa utasikia anafua, anapika, anampokea mtoto wa shule, anambeba mdogo mgongoni, anafungua geti, na sasa tunamwongezea kiumbe kinachokula kila baada ya masaa matatu au manne.

Akikubali kwa moyo wake, mambo mawili nayasema mbele ya bosi. La kwanza, kazi imeongezeka, mshahara nao uguswe. La pili, kitoto kikifa hakatwi hela yake. Wapo wanaonikasirikia hapo, wanasema nawaingilia, lakini dada anayeogopa kukatwa mshahara hatapiga simu akiona mbwa analegea, atamfunika na kitenge aombe Mungu mpaka bosi arudi, na wakati huo mbwa keshakwenda.

Halafu namfundisha dalili za sukari kushuka: kitoto kinayumba kama kimelewa, kinatetemeka, macho yanakuwa kama kioo, kinakaa pembeni hakitaki kucheza, kikizidi kinapata degedege au kinalala hakiamki. Natoa boksi la glukosi, lile la duka la dawa, asali pia inafaa. Unalowesha kidole, unachovya, unainua mdomo wa juu pembeni, unapaka kwenye ufizi na unasugua taratibu. Usimiminie maji ya sukari mdomoni kitoto kikiwa kimelegea, hakimezi, yataingia kwenye mapafu. Kifunike kipate joto. Kikiamka kipe chakula chake cha kawaida kidogo, kwa sababu sukari peke yake inapanda na kushuka tena, halafu daktari wa mifugo apigiwe hata kama sasa kinakimbia sebule nzima. Nikimaliza namwambia dada, haya nifundishe wewe. Kuna binti mmoja wa Mbezi alinionyesha kwa mikono yake kila kitu, kidole kwenye ufizi, kitenge, simu, mpaka akakumbuka kumgeuza mbwa kiubavu ambako nilikuwa nimekutaja mara moja tu. Nyumba ile ilipata mbwa, na sikumpa yule bosi, nilimpa yeye.

Bado kuna mambo. Dada wanabadilika, anakwenda kwao Krismasi au Idi harudi, kwa hiyo uliza mtu wa pili ni nani, na awe na jina, "tutatafuta" haikubaliki. Wanaosema wanafanya kazi nyumbani waulize wanatoka mara ngapi kwa wiki. Wa zamu za usiku wanaweza kuwa wazuri sana kama kuna mtu wa kupokezana naye. Mwanafunzi wa hosteli, hapana. Wastaafu na akina mama wenye duka hapo hapo nyumbani ndio ninaowapenda zaidi, mtu wa genge au cherehani anashinda na mbwa wake miguuni na anamwona akibadilika kabla ya mtu yeyote.

Hatua ya tano: nenda ukaone. Video inakuonyesha kile mtu anachotaka kuelekeza kamera, mimi napanda bodaboda naenda. Kwenye maghorofa ya Upanga na Kariakoo angalia nafasi za vyuma vya balkoni, mbwa huyu anapita pale unapopita mkono wako. Angalia uwazi chini ya geti. Angalia mbwa wa ulinzi, kwa sababu nyumba nyingi wanafunguliwa usiku, na mbwa mkubwa hata akiwa anacheza tu anaweza kumuua mdogo. Angalia juu pia, mwewe na hawa kunguru wetu wa Dar wanabeba vifaranga. Vigae vinavyoteleza waweke mkeka, magoti ya hawa mbwa yanachomoka kirahisi. Kuanzia Desemba mpaka Machi, joto likiwa kali, uliza umeme ukikatika mbwa atakaa wapi, hasa Pomeranian, mbwa mdogo mwenye manyoya mengi.

Watoto: nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano siipi mbwa mdogo. Wakubwa zaidi nawaangalia mikono. Namwambia akae chini sakafuni, namwekea mbwa mapajani, kisha nanyamaza. Mtoto anayesubiri mbwa amnuse, sawa. Anayenyanyuka naye amemshika kwapani miguu inaning'inia, na mzazi anacheka anachukua picha, hapo nimeshapata jibu na linamhusu mzazi.

Hatua ya sita: kukataa. Sema siku hiyo hiyo, kwa simu, taja sababu moja ya kweli. "Nyumba yenu nzuri ila mchana hakuna mtu." Nawashauri wachukue mbwa mkubwa mkubwa, hata mbwa wetu wa kawaida waliozaliwa mtaani ni imara na wanapendana na watoto vizuri. Watakuletea mjomba, bosi wako, mchungaji, jibu lisibadilike.

Hatua ya saba: kukabidhi. Vitoto vidogo kabisa mimi sivitoi kabla ya wiki 12. Andikeni karatasi kwamba wakishindwa muda wowote mbwa anarudi kwako, hauzwi wala hagawiwi. Mpe kadi ya chanjo yenye tarehe zinazofuata, za parvo na distempa (kirusi kingine hatari cha mbwa) zinarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki 16, ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu. Mpe chakula kile kile anachokula kwako cha wiki nzima. Akitembezwa avae mkanda wa kifuani, wa shingoni wautupe. Dawa ya kupe wasinunue ya mbwa mkubwa wakagawanya, daktari apime kwa uzito.

Na wawe na mizani ya jikoni ya gramu, ile ya kupimia unga wa keki. Kila asubuhi kabla hajala wampime wakutumie namba, wiki mbili za mwanzo. Uzito ukishuka siku mbili mfululizo aende kwa daktari siku hiyo, wasisubiri Jumamosi.