Jinsi ya kumsimulia mtoto hadithi usiku bila kuboa

Kwanza zima TV, na simu weka mbali kabisa maana ikilia tu umeshampoteza. Anza na paukwa, wafundishe kuitikia pakawa, na kama bibi yupo muachie yeye aendelee na ile kaondokea chenjagaa kajenga nyumba kaka, watoto hawaelewi hata nusu (hata mimi sielewi vizuri) ila wanaipenda hatari. Bibi akiwa mbali mwombe atume voisi WhatsApp.

Sungura na fisi wanatosha, usihangaike kutafuta mpya. Fisi mpe sauti nzito, sungura nyembamba, na pale wanapojua kinachofuata nyamaza wamalizie wao. Sasa mtoto atauliza, mama yake fisi yuko wapi? Usimkatishe eti hebu lala wewe, muulize yeye anadhani yuko wapi, hapo ndo utasikia mambo, wangu aliwahi kunijibu yuko kazini, anarudi usiku kama wewe. Nilikaa kimya kwanza. Halafu tukaendelea, mama fisi akawahi kurudi siku hiyo.

Na mambo ya adabu usichomekee kila siku, watakushtukia. Wakisinzia katikati kesho anzia hapo hapo, wenyewe ndo watakukumbusha mliishia wapi.