Somo: kutambua ile milio ya ajabu ya redio ya masafa mafupi (soma kwanza ndio uulize)

Wasee, kila wiki natumiwa klipu ya sekunde nne na swali "hii ni ya majasusi?" Nimechoka. Naandika mara moja.

1. Andika frikwensi (kwa kHz) na saa kwa UTC, ile saa ya dunia. Saa ya hapa, ile ya masaa 24, toa tatu.

2. Weka redio kwa USB, ile ya sidibendi ya juu si ya chaja. HM01 ya Kuba, stesheni ya kutuma namba za siri kwa majasusi, ndio husikika vizuri kwa AM: mwanamke anasoma namba kwa Kihispania, data inanguruma, anarudi tena.

3. Hakikisha mlio hautoki hapo kwenu. Hapa ndio niliaibika. Wiki tatu huku Mamboleo, Kisumu, nilifuata mlio wa tik-tik, unaanza jua likitoka unanyamaza jioni, nikauchorea ratiba kwa daftari ya mtoto na kutangazia watu nimepata stesheni mpya, halafu siku moja mvua ikanyesha kutwa na stesheni ikapotea. Kumbe ni kontrola ya sola ya jirani! Zima meni swichi, tumia betri, bado ukiusikia beba redio utembee mbali na nyumba. Ukififia, ni takataka ya mtaa. Kuzima balbu pekee haitoshi, chaja na tivi ndio mbaya zaidi. Na usizime meni ya ploti nzima mechi ikiendelea, hiyo nayo nilijaribu.

4. Rekodi dakika mbili kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Voisi noti ya WhatsApp inaharibu kila kitu.

5. Angalia ile picha ya rangi inayoteremka kwa skrini ya programu ya redio (waterfall). Toni nane zikirukaruka kati ya hezi 750 na 2500 ni ALE, redio zinatafutana zenyewe ziunganike. Vipindi vya sekunde 15 pale kHz 14074 ni FT8, meseji za data za mahamu tu, wale wa redio ya kujifurahisha. Zingine linganisha na sampuli za tovuti ya Sigidwiki na ratiba za tovuti ya Priyom.

Jamaa wa Kondele: Nasikia kelele usiku, ni nini?
— Frikwensi? Saa? Hatua ya kwanza.

Jamaa wa Kondele: Si ungesema tu
— Ningesema nini, kelele?

Fundi Nakuru: Hizo meseji za namba mnazifungua aje?
— Hatufungui. Tunatambua nani anatuma, basi. Ufunguo wa kutumika mara moja hauvunjiki, usidanganywe na mtu wa kuuza programu.

Nekesa: Karedio kangu hakana sidibendi, naweza kujifunza kweli?
— Sana dadangu. Fungua WebSDR ya Twente, Uholanzi, redio ya kusikiza kwa intaneti, weka kHz 10099.3 kwa USB, mlio wenyewe uko 10100.8. Hiyo ni idara ya hali ya hewa ya Ujerumani, RTTY, yaani maandishi kwa redio, kasi bodi 50, shifti hezi 450. Pitishia sauti kwa fldigi, programu ya kompyuta ya kuisoma, utaona maandishi yanajiandika, mara ya kwanza mimi nilipiga kelele mpaka mama watoto akakuja mbio. Pia mlio ukisikika kwako na kule Twente, jirani yako hana makosa.

Nekesa: Asante! Nikipata redio nzuri nifunge waya kwa mti wa avokado?
— Funga, mita kumi hivi. Lakini uko Kakamega, radi za huko unazijua. Mawingu yakianza kukusanyika saa nane, chomoa waya utupe nje ya dirisha.