Jinsi ya Kupima Faida na Hatari za Kifaa cha Kidijitali Kabla ya Kukiingiza Darasani

Shule nyingi za Nairobi huamua kununua vishikwambi, kulipia programu ya masomo au kufungua maabara ya tarakilishi kwa sababu shule jirani imefanya hivyo, au kwa sababu muuzaji alifika ofisini akafanya maonyesho ya kuvutia. Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi na mjumbe wa bodi ya shule anayetaka kuamua baada ya kupima. Msimamo wangu ni kwamba faida ya kifaa cha elimu hudhihirika pale kinapozimwa, mtoto akabaki na kalamu na daftari lake, na bado akaweza kufanya jambo ambalo awali lilimshinda.

Taja ugumu wa somo kabla ya kutaja kifaa

Kaeni pamoja, walimu wa somo husika, mwandike kwa sentensi moja jambo ambalo wanafunzi wanashindwa kulifanya. Sentensi kama "tunataka kuboresha elimu kwa teknolojia" haipimiki, kwa hiyo iwekeni kando. Inayofaa ni kama hii: "Wanafunzi wengi wa Gredi ya 5 wakipewa 1/2 + 1/3 huandika 2/5, kwa sababu hujumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake."

Mwalimu akishaufahamu ugumu kwa ukaribu huo, atajua cha kutafuta ndani ya programu. Jibu la 2/5 ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo mtoto, yaani ameongeza kitu kisha akapata pungufu, na akionyeshwa jambo hilo kwa mchoro ubaoni au kwa chapati iliyokatwa, hushtuka na kuanza kufikiri upya. Basi fungua programu unayouziwa, jibu 2/5 kwa makusudi, kisha uone itafanya nini. Programu dhaifu italia, itaweka alama nyekundu, na kumruhusu mtoto abonyeze jibu la pili, la tatu na la nne mpaka apewe nyota. Kwa mwendo huo, anachojifunza ni kubahatisha kwa kasi. Programu nzuri itachora pau mbili zinazolingana, itagawanya kila moja katika vipande sita, kisha itamwacha mtoto ahesabu mwenyewe vitatu na viwili. Jaribio hili la kukosea kwa makusudi hufichua mengi kuliko maelezo yote ya muuzaji, na halihitaji fundi wala pesa.

Baada ya hapo, wapeni wanafunzi maswali machache ya aina hiyo kwenye karatasi kabla hawajagusa kifaa, mhifadhi majibu yao. Mkondo mmoja utumie programu kwa majuma kadhaa, na mkondo mwingine utumie dakika zilezile kwa ubao, kalamu na mwalimu. Warudisheni wote kwenye karatasi kwa maswali mapya, kisha mwapime tena baada ya mwezi mmoja, kwa maana kuna mambo ambayo mtoto hufanya vizuri siku ya Ijumaa na kuyasahau kabla ya likizo fupi. Ikiwa mikondo miwili imelingana, uamuzi unapaswa kuegemea njia iliyo nafuu.

Jifunze kutokana na yaliyokwisha kufanyika hapa nchini

Kenya ina uzoefu wake yenyewe, na inasikitisha kuona mikutano ya shule ikiendeshwa kana kwamba haupo. Utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa vya kidijitali katika kufundisha watoto wadogo kusoma: kuwapa vishikwambi wakufunzi wanaowatembelea walimu, kuwapa walimu wenyewe, na kuwapa wanafunzi visomaji vya kielektroniki. Watoto waliendelea katika njia zote tatu, lakini tofauti baina yake haikuwa kubwa kiasi cha kuhalalisha gharama ya kumnunulia kila mwanafunzi kifaa chake. Mpango wa Tusome wa kufundisha watoto wadogo kusoma, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015, uliweka vishikwambi mikononi mwa maafisa wanaoketi darasani, wakamtazama mwalimu akifundisha na kumshauri papo hapo. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali ambalo bodi nyingi hazijawahi kujiuliza: je, kifaa kimoja kwa mwalimu mkuu wa idara hakiwezi kufanya kazi kubwa kuliko arobaini kwa wanafunzi?

Mpango wa serikali wa kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, ulioanza mwaka 2016, ulifikisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma. Hata hivyo, katika baadhi ya shule vifaa vilifungiwa stoo kwa hofu ya wezi, au kwa sababu mwalimu hakupata mafunzo ya kutosha ya kuvitumia katika somo lake. Yeyote anayepanga kununua leo na aulize kwanza nani atakuwa na ufunguo wa kabati, nani atavichaji, na mwalimu gani ataachiwa nafasi katika ratiba ili ajizoeze kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi.

Kuna mahali ambapo faida iko wazi na kuchelewa ndiko hatari. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, au kifaa cha kielektroniki cha Braille, hufikia kitabu kilekile anachosoma mwenzake siku ileile. Mwanafunzi kiziwi anayesoma hadithi iliyoambatanishwa na video ya Lugha ya Ishara ya Kenya, kama zile zinazotayarishwa na kampuni ya eKitabu hapa Nairobi, hupata hadithi kwa lugha yake. Ikiwa fedha ni za kifaa kimoja tu, aanze mtoto huyu.

Hesabu dakika, kisha hesabu shilingi

Chukua darasa la wanafunzi 48, vishikwambi 12 na kipindi cha dakika 35. Kugawa vifaa, kuviwasha, kukumbuka manenosiri na kuvikusanya mwishoni huweza kula dakika kumi. Zinabaki 25, na kwa kuwa kila kifaa kinatumiwa na watoto wanne, kila mmoja anapata dakika sita hivi za kukigusa, huku watatu wakitazama au wakigombana. Hesabu hii haimaanishi kwamba vifaa visinunuliwe. Huenda ikamwongoza mwalimu kuwagawa wanafunzi, kundi moja kwenye vishikwambi, jingine kwenye vitabu, la tatu likiwa naye mezani, ambako ndiko mafunzo ya kweli hutokea mara nyingi.

Bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Ongeza data, stima, skrini zitakazovunjika, ada ya programu inayolipwa upya kila mwaka, na siku ambayo betri zitaacha kushika chaji. Muulize muuzaji kama programu inafanya kazi bila intaneti, na umwombe akuthibitishie hapo hapo kwa kuzima mtandao mbele yako.

Suala la gharama ya nyumbani ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani kwenye vitabu vya fedha vya shule. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, na madarasa mengi kutorejea hadi Januari 2021, watoto wa mitaa yenye intaneti nyumbani waliendelea kumwona mwalimu wao kwenye skrini, ilhali wengi wa Mukuru, Kawangware na Mathare walitegemea redio, majirani, au hawakupata lolote. Pengo hilo halikuzibwa kwa sababu tu milango ilifunguliwa. Hadi leo mwalimu anaweza kutuma kazi ya ziada kwenye kundi la WhatsApp saa kumi jioni, huku simu ya pekee katika nyumba iko na mama aliyeko kazini Westlands, atakayefika usiku akiwa na chaji ya kuwashia tochi tu. Mtoto huyo kesho yake ataulizwa mbele ya wenzake kwa nini hakufanya kazi. Kwa hiyo shule iweke kanuni isiyopindishwa: kila kazi inayohitaji intaneti iwe na njia ya pili ya karatasi, yenye maswali yaleyale na alama zilezile, na mwanafunzi asilazimike kueleza umaskini wa kwao ili aipate. Mzazi anayekosa nafasi tulivu nyumbani anaweza kumwelekeza mtoto kwenye maktaba za umma kama zile za Kaloleni na Makadara, ambako meza na vitabu vipo.

Linda taarifa za watoto

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kuchakatwa, na yeyote anayedhani kwamba ni sheria ya makaratasi tu na akumbuke kwamba mwezi Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Ukaguzi wa kwanza unaweza kuufanya kwenye simu yako. Ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya programu, chagua ile ya masomo, kisha fungua sehemu ya ruhusa. Programu ya hisabati haina haja ya kujua mtoto yuko wapi, kusikiliza maikrofoni, wala kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu ya mzazi. Kataa ruhusa hizo moja baada ya nyingine, halafu jaribu kuitumia; ikigoma kufanya kazi kwa sababu umeinyima mahali ulipo, hiyo ni sababu tosha ya kuiacha. Muuzaji naye aeleze kwa maandishi taarifa zinahifadhiwa wapi, nani anaweza kuzisoma, kama zinauzwa au kutumiwa kwa matangazo, na zitafutwa lini mwanafunzi akihama. Mahali ambapo namba ya mwanafunzi inatosha, usiandike jina lake kamili. Matokeo ya mtihani ya darasa zima yasitumwe kwenye kundi la wazazi, hata kama desturi hiyo imezoeleka.

Kuhusu madhara mengine ya mtandaoni, wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba anayetishiwa, anayeombwa picha za aibu au anayechokozwa anaweza kumwambia mwalimu bila kuadhibiwa, na kwamba namba 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo. Kwa watoto wa chekechea, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wenye umri wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Akili bandia na insha ya mwanafunzi

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika inapoagizwa, ilipotoka mwezi Novemba 2022, mwalimu wa Kiswahili hukutana na insha iliyonyooka kupita kawaida ya mwandishi wake. Kukimbilia programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine si njia salama, kwa kuwa hukosea, na kosa lake humtia doa mwanafunzi mwaminifu. Mwite mwanafunzi, umketishe, umwulize kwa upole kuhusu kazi yake. Ikiwa ameandika "mchumia juani hulia kivulini", mwombe akupe mfano wa mtu anayemfahamu aliyechumia juani, na akueleze kwa nini methali hiyo ameiweka katika aya ya tatu. Aliyeandika mwenyewe atajibu, pengine kwa kusitasita, lakini atajibu kwa mambo anayoyajua. Aliyenakili atarudia maneno yaliyo kwenye karatasi, na hapo mwalimu amejua pa kuanzia kufundisha.

Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 ulipendekeza kwamba watoto walio chini ya miaka 13 wasitumie akili bandia ya aina hii kwa uhuru darasani, nami naona ni mpaka wa busara. Kwa wa sekondari, utaratibu ninaoupendekeza ni kwamba rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono darasani, kisha mwanafunzi aombe programu imwulize maswali kuhusu rasimu hiyo, bila kumwandikia sentensi. Zoezi jingine lenye tija ni kuwapa wanafunzi aya ya Kiswahili iliyoandikwa na mashine waisahihishe, kwa sababu mashine huweza kuteleza katika upatanisho wa ngeli, na mwanafunzi anayeona kosa hilo na kulieleza amedurusu sarufi vizuri kuliko kwa kukariri.

Andika uamuzi kabla ya kulipa

Uamuzi wa bodi ukae kwenye ukurasa mmoja: ugumu wa somo uliotajwa mwanzoni, matokeo ya karatasi ya mikondo yote miwili, gharama ya miaka mitatu, njia ya pili kwa asiye na intaneti, na jina la mwalimu atakayewajibika. Ongezeni sharti la kuacha, kwa mfano kwamba ikiwa kufikia mwisho wa muhula wa pili mkondo unaotumia programu haujaushinda ule wa ubao, ada haitalipwa tena. Sharti hilo liandikwe kabla ya pesa kutoka, kwa maana baada ya kulipa kila mtu hutafuta sababu ya kuendelea. Wazazi wasomewe ukurasa huo mkutanoni, kwa Kiswahili, na maswali yao yaandikwe.

Mkiamua kuacha, mtakeni muuzaji afute taarifa zote za wanafunzi na awape uthibitisho wa maandishi. Futeni kumbukumbu za kila kishikwambi kabla hakijatoka getini, na vile vilivyoharibika vipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, badala ya kuviacha kwenye jalala la mtaa, ambako watoto huvunja betri kwa mawe.