Jinsi ya Kusoma Makala ya Utafiti wa Tiba ya Binadamu na ya Wanyama

Makala nyingi za utafiti wa tiba, ziwe za binadamu au za wanyama, hupangwa kwa mtindo mmoja: ikisiri (yaani muhtasari), utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Msomaji mgeni husoma ikisiri, akaruka hadi aya ya mwisho ya mjadala, akafunga. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Ikisiri na mjadala humweleza msomaji kile ambacho watafiti wanaamini kuwa wamekipata, ilhali walichokifanya hasa kimeandikwa katikati, katika mbinu na majedwali, na huko ndiko anakopaswa kutumia sehemu kubwa ya muda wake, hata ikibidi arudie sentensi moja mara tatu.

Kabla ya kusoma

Kwanza hakikisha unajua ni maandishi ya aina gani uliyo nayo. Makala iliyopitiwa na wahakiki, yaani wataalamu wenza wanaoisoma kabla jarida halijaikubali, si sawa na rasimu iliyowekwa mtandaoni na watafiti wenyewe bila kuhakikiwa, ingawa kwa macho zote mbili hufanana. Hata hivyo, uhakiki si kinga kamili. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12 tu, ambayo iliwafanya wazazi wengi waamini kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inasababisha usonji. Jarida liliibatilisha mwaka 2010, baada ya miaka 12 ya hofu isiyo na msingi. Mwaka 2020 jarida hilohilo liliondoa makala kuhusu haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa UVIKO-19 katika muda usiofika wiki mbili, kwa kuwa takwimu zake, zilizotolewa na kampuni ya Surgisphere, hazikuweza kukaguliwa na mtu wa nje.

Kwa hiyo tafuta jina la makala katika PubMed, hifadhi ya bure inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo ina rekodi zaidi ya milioni 35, zikiwemo nyingi za tiba ya wanyama. Makala ikiwa imebatilishwa, tangazo huonekana hapo pamoja na ikisiri yake. Matini kamili ikiwa imefungwa nyuma ya malipo, angalia PubMed Central, hifadhi dada ya makala kamili zinazosomwa bure. Uliza pia katika maktaba ya chuo kama kinapata Hinari au AGORA, mipango iliyoanzishwa mwaka 2002 na 2003 ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida bure au kwa gharama ndogo. Njia nyingine, ambayo watu huionea haya bila sababu, ni kumwandikia mtafiti mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wa kwanza na kumwomba nakala. Wengi hufurahi kuombwa.

Nani alilinganishwa na nani

Ukifika kwenye mbinu, tafuta mambo manne na uyaandike kwa maneno yako: ni watu au wanyama gani walioshiriki, walipewa nini, walilinganishwa na nini, na ni kitu gani kilichohesabiwa mwishoni. Makala isiyokuwezesha kujaza nafasi hizo nne ina kasoro, na kasoro hiyo si ya msomaji.

Nafasi ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Wagonjwa kumi wakipewa dawa na wanane wakapona, hujajua chochote kuhusu dawa hiyo mpaka ujue ni wangapi wangepona bila kuipewa. Ndiyo maana jaribio la streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, linaheshimiwa hadi leo: wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake, huku uamuzi wa nani aingie kundi lipi ukitokana na namba za nasibu zilizofichwa ndani ya bahasha. Daktari hakuweza kuwachagua wenye nafuu ili wapate dawa. Unaposoma, usiridhike na kauli kwamba mgawanyo ulikuwa wa nasibu. Tafuta sentensi inayoeleza namba zilitoka wapi na nani alizitunza. Kuwagawa ng'ombe kwa kufuata zamu ya kuingia kwenye kibanio si nasibu, kwa sababu wanaotangulia na wanaobaki nyuma mara nyingi hutofautiana kwa afya na nguvu.

Katika tiba ya wanyama kuna mtego ambao nimeuona ukiwapita hata wasomaji makini. Chukua utafiti wa chakula cha kuku wenye mabanda mawili, kila banda likiwa na kuku 100: banda moja linapewa chakula kipya, jingine cha zamani. Makala itaandika kuku 200, na hesabu zitafanywa kana kwamba ni kuku 200. Lakini kuku wa banda moja hunywa maji yaleyale, hupumua hewa ileile na huambukizana maradhi yaleyale, na chakula kilitolewa kwa banda, hakikutolewa kwa kuku mmojammoja. Kwa hakika kilicholinganishwa hapo ni mabanda mawili, na tofauti yoyote itakayoonekana inaweza kuwa imetokana na madirisha. Swali la kuuliza ni hili: matibabu yaligawiwa kwa mnyama, kwa banda, au kwa kundi zima la mifugo? Hesabu lazima zifuate kizio hichohicho. Tatizo lilelile hujitokeza kwa binadamu pale kijiji kizima au zahanati nzima inapopewa huduma moja.

Angalia pia kama waliopima matokeo walijua nani amepewa nini. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa mbwa hajui kama amemeza dawa au plasebo (kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na dawa ndani), suala hilo halina uzito kwa wanyama. Lina uzito mkubwa, kwa sababu anayejaza dodoso ni mwenye mbwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu mbwa wenye maradhi ya viungo waliokuwa wakipewa plasebo, wamiliki na hata madaktari wa wanyama waliripoti nafuu ya kuchechemea ambayo vipimo vya uzito unaokanyagwa na mguu havikuionyesha.

Kilichopimwa

Tofautisha kati ya jambo linalomgusa mgonjwa moja kwa moja, kama kufa, kulazwa, maumivu au kupungua kwa maziwa, na kipimo cha kati kinachotumiwa kuliwakilisha, kama kiwango cha kitu fulani katika damu. Kipimo cha kati kinaweza kuboreka huku mgonjwa akiangamia. Jaribio la CAST la Marekani ndilo funzo ambalo kila anayesoma tafiti za tiba anapaswa kulijua. Baada ya mshtuko wa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio huashiria hatari ya kifo, na dawa za enkainaidi na flekainaidi zilikuwa zinayatuliza kweli. Ilionekana wazi kwamba zitaokoa maisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha vifo 63 kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa hizo, na vifo 26 kati ya 743 waliopewa plasebo. Mapigo yalitulia, na watu walikufa zaidi.

Kisha linganisha kipimo kikuu kilichotajwa katika makala na kile kilichosajiliwa kabla ya jaribio kuanza. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba ya binadamu yanadai kila jaribio liwe limesajiliwa mapema, na namba ya usajili huandikwa mwishoni mwa ikisiri au katika mbinu. Ifungue. Ikiwa usajili unataja vifo na makala inasherehekea kupungua kwa homa, watafiti wamebadili goli baada ya mpira kupigwa. Kwa tiba ya wanyama usajili bado si desturi iliyoenea, hivyo mara nyingi utakosa kitu cha kulinganisha, na hilo lenyewe likupe tahadhari.

Kusoma namba bila kutishika

Huhitaji kuwa mwanatakwimu. Anza kwa kutafuta idadi halisi kabla ya asilimia. Mwaka 1995 wanawake wa Uingereza walionywa kwamba vidonge vya aina mpya vya kupanga uzazi, vilivyoitwa vya kizazi cha tatu, vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa, na wengi waliviacha kwa woga. Kuongezeka maradufu kulimaanisha kutoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini ya pili ndiyo inayomwezesha mtu kuamua.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Jaribio la TOGETHER lililofanyika Brazili na kuchapishwa mwaka 2022 lilichunguza ivamektini, dawa ya vimelea inayotumika kwa mifugo na kwa binadamu, kama inazuia UVIKO-19 isizidi. Wagonjwa 679 walipewa dawa na 679 plasebo. Kilichohesabiwa ni kulazwa hospitalini kwa sababu ya ugonjwa huo, au kuwekwa katika kitengo cha dharura kwa zaidi ya saa 6, ndani ya siku 28. Waliofikia hapo ni 100 katika kundi la dawa na 111 katika kundi la plasebo, yaani asilimia 14.7 kwa 16.3. Msomaji mwenye haraka ataona 100 ni pungufu ya 111 na kusema dawa inasaidia. Lakini tazama uwiano wa hatari kati ya kundi la dawa na la plasebo, 0.90, na masafa yaliyoandikwa kando yake, yaani mipaka ambamo jibu la kweli huenda limo: kutoka 0.70 hadi 1.16. Namba 1 ina maana kwamba hakuna tofauti. Chini ya 1 dawa inasaidia, juu ya 1 inadhuru. Masafa yanayoanzia upande mmoja wa 1 na kuishia upande wa pili yanasema kwamba utafiti huu haujathibitisha faida. Masafa hayo yana thamani kuliko ile thamani ya p inayopigiwa kelele (namba inayoonyesha jinsi matokeo kama hayo yangekuwa adimu kama dawa haina athari), kwa kuwa yanaonyesha pia ukubwa wa athari inayowezekana.

Makala inapotangaza kwamba hakuna madhara yoyote yaliyoonekana, tumia kanuni rahisi: gawanya 3 kwa idadi ya waliopewa dawa. Kama walikuwa 30 na hakuna aliyedhurika, bado hatari halisi inaweza kufika 1 kati ya 10. Kama walikuwa 300, inaweza kufika 1 kati ya 100. Tafiti nyingi za wanyama huwa na idadi ndogo, hivyo ukimya kuhusu madhara hauna nguvu kubwa.

Kuvuka kutoka kiumbe hadi kiumbe

Hapa ndipo tiba ya binadamu na ya wanyama hukutana, na ndipo makosa ya hatari hufanyika. Ivamektini ilianza kupewa matumaini dhidi ya UVIKO-19 kutokana na utafiti wa mwaka 2020 uliofanywa kwenye seli ndani ya maabara, kwa mkusanyiko wa dawa ulio juu mno kuliko ule unaopatikana katika damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida. Kwa hiyo katika utafiti wa seli, tafuta daima mkusanyiko uliotumika na uulize kama mwili unaweza kuufikia bila sumu. Dawa hiyohiyo huingia katika ubongo wa mbwa wengi aina ya Collie wenye kasoro katika jeni ya MDR1 na kuwaletea sumu kwa dozi ambazo mbwa wengine huzistahimili. Paka hawezi kuivunjavunja parasetamoli kama binadamu afanyavyo, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diklofenaki, dawa ya maumivu iliyozoeleka kwa watu na iliyotumika kwa ng'ombe, ilibainika mwaka 2004 kuwa ndiyo iliyokuwa ikiwaua tai wa Pakistani waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa, kwa kuharibu figo zao. India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Kuvuka kutoka mnyama hadi binadamu nako kuna historia yake. Mwaka 2006 wanaume sita walijitolea jijini London kupewa TGN1412, dawa ya majaribio inayolenga seli za kinga, dozi ikiwa mara 500 pungufu ya ile iliyoonekana salama kwa nyani. Wote sita waliugua vibaya ndani ya saa chache, ingawa walinusurika. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya seli za kinga za nyani hao hazina kipokezi ambacho dawa hiyo ilikilenga. Kwa hiyo kichwa cha habari kinapotaja tiba mpya, ingia kwenye mbinu utafute jina la kiumbe, umri, jinsia na aina. Miongozo ya ARRIVE ya kuandika tafiti za wanyama, iliyotolewa mwaka 2010, inawataka watafiti wayaandike hayo waziwazi.

Kutafuta ndugu zake

Hakuna makala moja inayotosha kubadili matibabu. Tafuta mapitio ya kimfumo, ambayo hukusanya tafiti zote zinazojibu swali moja. Kwa binadamu anzia Cochrane, mtandao ulioanzishwa mwaka 1993. Lakini mapitio hurithi udhaifu wa kilichomo ndani yake. Rasimu moja ya ivamektini kutoka Misri, iliyoondolewa mtandaoni Julai 2021 baada ya takwimu zake kutiliwa shaka, ilikuwa imekwisha kuingizwa katika mapitio kadhaa na kuyafanya yaonyeshe faida kubwa. Soma jedwali la tafiti zilizojumuishwa, uone kama utafiti mmoja ndio unaobeba uzito wote.

Kwa maradhi mengi ya wanyama hutapata mapitio yoyote, bali tafiti chache zilizotawanyika. Zisome zote kwa maswali manne yaleyale na uziweke katika jedwali moja. Kisha mpelekee daktari jedwali hilo pamoja na makala zenyewe, ukiwa umeweka alama kwenye dozi, njia ya kuitoa na uzito wa washiriki. Mnyama akiwa wa nyama au maziwa, mwulize pia muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kukamua kwa ajili ya kuuza, kwani tafiti nyingi za ufanisi wa dawa hazikupima mabaki yake katika chakula.